Somo: Kupiga hesabu ya godauni la kiwanda Dar, anzia chini usianzie kwenye bati

Wiki haipiti bila mtu kunipigia: "Dada, godauni la mita 20 kwa 30 linakula shilingi ngapi kwa mita mraba?" Namjibu kwa swali: utaweka nini ndani? Godauni la kuhifadhi magunia ya pumba na godauni la mashine za mabomba ya plastiki yanaweza kufanana hadi rangi ya bati, halafu moja likameza hela kuliko jingine kwa mbali. Tofauti yenyewe imefukiwa, huioni ukipita barabarani.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi zangu nyingi ni Vingunguti, Pugu Road na Mbagala. Tutumie hilo hilo la 20 kwa 30, mita mraba 600. Bei ya mfuko wa saruji siandiki, mwezi ujao itaniumbua. Natoa vipimo, bei jaza mwenyewe siku unayonunua.

Hatua ya 1: Andika kinachoingia ndani

Karatasi moja inatosha. Mashine ngapi, kila moja ina tani ngapi, foklifti itabeba uzito gani, mzigo utapangwa hadi juu kiasi gani, semi itaingilia wapi na kugeuzia wapi. Kontena la futi 40 peke yake ni mita 12 na ushee, bado kichwa cha gari. Kuna mteja mmoja aliweka geti upande ambao semi haikati kona. Mpaka leo anapakulia barabarani na kuwalipa vijana kubeba kichwani.

Hatua ya 2: Chimba kabla hujachora

Kiwanja cha bondeni kina bei ya chini na sababu unaijua. Kabla ya kulipia, chimba mashimo matatu ya mita mbili, yafunike, rudi kesho yake asubuhi. Kama yana maji, ujue msingi wako utapigwa ndani ya maji. Shika udongo wa chini uufinyange: ukinata vidoleni kama ugali ambao haujaiva, huo ni mfinyanzi. Masika unafura, kiangazi unanywea, na jamvi, yaani sakafu ya zege iliyo juu yake, linafuata. Hapo usibane matumizi, peleka sampuli maabara na injinia asome majibu.

Kuinua eneo nako kuna gharama yake. Ukitaka sakafu ipande sentimita 60, ni 600 mara 0.6, mita za ujazo 360 zikiwa zimeshindiliwa. Kifusi kwenye gari kimelegea, ongeza robo: 450. Kwa tipa la mita za ujazo 15 ni tripu 30, bado rola na maji ya kushindilia. Tripu hizo sijawahi kuzikuta kwenye bajeti ya mtu aliyeanza na bei ya mita mraba.

Hatua ya 3: Jamvi

Hapa ndipo nitakaa sana.

Jamvi la sentimita 15 kwa mita 600 ni zege mita za ujazo 90. Kwa zege la sakafu ya kiwanda weka mifuko saba ya saruji kwa kila mita ya ujazo, jumla 630. Ukipandisha unene hadi sentimita 20, zege linakuwa mita 120 na saruji mifuko 840. Sentimita tano tu zimekula mifuko 210, hujahesabu mchanga wala kokoto za kutoka Lugoba. Ndiyo maana nilikwambia uandike tani za foklifti kwanza. Unene anaupanga injinia kutokana na mzigo. Fundi asikupangie kwa mazoea ya nyumba ya kuishi.

Chini ya zege weka nailoni nzito ya kuzuia unyevu, na wavu wa BRC (wavu wa nondo nyembamba) uinuliwe kwa vikalio, vile vipande vya kuushikilia juu. Nimeona wavu umelala juu ya nailoni kama mkeka, eti utavutwa juu zege likimwagwa. Hauvutwi.

Halafu mikato, ile mistari inayokatwa juu ya zege ili lisijipasukie ovyo. Mwaka wangu wa tatu kazini nilisimamia jamvi kama hili. Tulianza saa kumi na moja alfajiri, jua lilipochomoza nusu ilikuwa imeshamwagwa, kila mtu anacheka. Mashine ya kukata ilikuwa ya kukodi, mwenye nayo akasema atakuja. Akaja siku ya tatu. Jamvi halikumsubiri: ufa wa kwanza ulitoka nguzo hadi nguzo, mnyoofu kama umechorwa kwa rula. Kukata hufanywa ndani ya saa 24 hivi, kina robo ya unene, na kwa jamvi la sentimita 15 mikato ipishane mita nne hadi tano. Kodi mashine mbili. Ya pili ikilala bila kazi bado umeokoa hela.

Hatua ya 4: Chuma, ukuta, bati

Kwa upana wa mita 20 bila nguzo katikati, makisio ya mwanzo nachukua kilo 30 za chuma kwa mita mraba, yaani tani 18, kisha injinia anasahihisha. Ukuta wa tofali hadi mita tatu, mzunguko ni mita 100, ni tofali kama 3,000 kabla ya kutoa milango. Juu yake bati. Kumbuka geji ikipanda namba, bati linakuwa jembamba: 30 ni jepesi kuliko 28. Kama uko Kigamboni au Kunduchi, chumvi ya bahari italila, nunua lenye mpako mzuri.

Usisahau maji ya paa. Mvua ya milimita 50 kwenye mita 600 ni lita 30,000. Zisipoelekezwa kwenye mtaro zitaelekea kwa jirani, na jirani ataelekea serikali ya mtaa.

Hatua ya 5: Umeme, maji, moto

Jumlisha mzigo wa mashine, nenda TANESCO mapema uulize kama laini iliyopo inatosha au unahitaji transfoma yako. Godauni nyingi zinamalizika kupakwa rangi huku zikisubiri umeme. Michoro ipitie Zimamoto kabla ya ujenzi, kuhamisha mlango wa dharura baadaye ni kubomoa.

Hatua ya 6: Vibali na pesa zenyewe

Kibali cha ujenzi cha halmashauri, tathmini ya mazingira kupitia NEMC (baraza la mazingira) kwa miradi inayohusika, usajili wa eneo la kazi OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), mkandarasi awe amesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi). Vyote vina ada na vyote vina muda, muda nao ni hela.

Ukipewa bei, uliza neno moja: "Na VAT?" Kwenye kazi ya milioni 400, asilimia 18 ni milioni 72. Watu wamegombana kwa hilo tu.

Fungu la dharura mimi naweka asilimia 10 ya gharama, nikiwa sijaona majibu ya udongo naweka 15. Na panga udongo na msingi viishe kabla ya Machi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Gongo la Mboto: Dada shikamoo. Fundi wangu anasema BOQ (orodha ya vipimo vya kazi na bei zake) ni kupoteza hela, yeye kichwani anayo yote.

Marahaba mdogo wangu. Mwombe aandike hicho cha kichwani, kisha mpe fundi mwingine naye aandike. Zikipishana sana, utajua nani alisahau kifusi. BOQ ndiyo inayokuwezesha kulinganisha bei tatu kwa kitu kile kile.

Mama Nafaka: Mimi ni wa kukoboa na kusaga tu. Sentimita 15 zinatosha?

Mama yangu, pale pa magunia huenda zikatosha. Pale inapokaa mashine, itengenezewe kitako chake kilichotenganishwa na jamvi, la sivyo mtikisiko utapasua sakafu. Mpe injinia karatasi ya mashine.

Kijana wa Tabata: Mkuu, muuza chuma ananitajia bei kwa dola.

Kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za humu nchini zitajwe kwa shilingi. Dai proforma (ankara ya makisio) ya shilingi yenye tarehe ya mwisho wa bei. Ukiwa tayari kulipa, agiza chuma chote mara moja, usigawe mafungu.

Mjasiriamali Mkuranga: Hela yangu inaishia kwenye paa. Nianze au nisubiri?

Kaka, gawanya jengo, usigawanye ubora. Jenga mita 20 kwa 15 lililokamilika na jamvi lake na umeme wake, mwambie injinia fremu ya mwisho iachwe tayari kuungwa. Msingi wa upande huo uache nondo zimechomoza, uzifunike kwa zege jepesi zisishike kutu.

Mdau wa Gongo la Mboto: Dada, nimechimba jana. Shimo moja lina maji hadi magotini, mawili makavu.

Lenye maji liko upande gani, wa geti au wa nyuma? Pima umbali kutoka mpaka, piga picha, na usilipe kiwanja bado.