Transfoma sambamba kiwandani: kupanga akiba bila kubahatisha

Transfoma sambamba ni zile zinazolisha baa moja za shaba kwa pamoja, na akiba ni uwezo wa zilizobaki kubeba kiwanda moja ikikatika. Kwanza, pima mzigo msimu ukiwa umepamba moto. Kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma, kikipimwa mwezi ambao mashine nusu zimelala, hesabu yote itapinda. Tuseme umepata kW 1,190 kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ya 0.85: hiyo ni kVA 1,400, yaani mzigo wote unaobebwa na transfoma. Ukiipandisha pawa fakta kwa kapasita hadi 0.95, mzigo unashuka hadi kVA 1,253. Kapasita kwanza, transfoma baadaye.

Sasa, kwenye hesabu ya karatasini, ondoa transfoma moja uone kama zilizobaki zinatosha. Ukiwa na mbili za kVA 1,000, inayobaki inabebeshwa asilimia 125, tena labda katika joto la Novemba. Tatu za kVA 800 ni salama: mbili hubeba asilimia 78 kila moja.

Wengi huishia hapo, kumbe shoti haijahesabiwa. Transfoma ya kVA 800, volti 400, impidansi (ukinzani wake wa ndani, unaopunguza mkondo wa shoti) asilimia 6, hutoa ampea 1,155 kwa mzigo kamili na takriban kA 19 kwa shoti. Tatu zikiwa sambamba ni kA 58. Breka zenye uwezo wa kukata kA 50 hazihimili. Kwa hiyo endesha mbili (kA 38, na mota nazo huongeza kA kadhaa) na ya tatu ipate umeme upande wa volti kubwa tu, breka yake ya upande wa volti 400 ikiwa imezimwa. Weka kizuizi cha umeme kati ya breka hizo tatu, kinachoruhusu mbili tu kuwa zimewashwa kwa wakati mmoja.

Mpangilio huo una mtego wake. Moja ikikatika, mwenzake anabaki na asilimia 157 hadi ya akiba iingie. Iingie yenyewe ndani ya sekunde chache, na relei ya mzigo isiwahi kuikata ile iliyobaki. Lakini kama shoti iko kwenye baa za shaba zenyewe, uingizaji huo uzuiwe. Vinginevyo unailisha shoti upya.

Usichanganye impidansi. Ya asilimia 5 ikikaa na ya 6 za ukubwa mmoja, hiyo ya 5 hubeba asilimia 20 zaidi ya mwenzake. Tapu (sehemu za kurekebisha volti ya transfoma) nazo zilingane: tofauti ya asilimia 2.5 huzungusha ampea 240 bure kati ya transfoma mbili, hata kiwanda kikiwa kimelala. Tapu za kawaida hugeuzwa transfoma ikiwa imezimwa kabisa.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza breka inayoziunganisha transfoma, unganisha nyutro zake, kisha pima volti kati ya fezi za jina moja, pande mbili za breka. Zote zisome karibu na sifuri. Zikisoma 230 zote, huenda moja ni Dyn11 na nyingine Dyn1, yaani aina za uunganishaji wa koili ambazo fezi zake hazilingani. Hizo hazikai pamoja. Mbili zikisoma 400 na moja sifuri, nyaya mbili zimepishana.