Punda akienda chopi: anza na kwato, kisha panda juu

Lamu mjini magari hayapiti vichochoroni, kwa hiyo mchanga, matofali na mawe ya kujengea hupanda mgongoni mwa punda. Kazi hiyo huangukia viungo. Na punda huficha maumivu kuliko farasi: akianza kuchechemea waziwazi, ujue ameumwa muda mrefu.

Kwanza tambua mguu wenyewe. Mwongoze kwa kamba iliyolegea, atembee mbele yako kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, mfano barabara ya ufukweni, bila shogi wala mzigo. Mguu wa mbele wenye maumivu ukikanyaga, kichwa huinuka. Ukikanyaga ule mzima, kichwa huinama. Wengi hugeuza jambo hili na kutibu mguu mzima. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga: upande unaouma hupanda na kushuka zaidi.

Kisha shika kwato, hata kama umeona uvimbe juu. Maumivu mengi ya miguu huanzia humo. Mweke kivulini kwanza, maana jua lenyewe hupasha kwato. Chokoa uchafu wote, tafuta msumari, kigae au kokoto, halafu linganisha joto la kwato zote nne. Weka vidole pembeni mwa kifundo kilicho juu ya kwato: mshipa wa damu kwa kawaida hupiga kwa unyonge sana. Ukipiga kwa nguvu, ndani ya kwato kuna uvimbe au usaha.

Usaha unataka kutolewa. Daktari wa mifugo au mkata kwato aliyefunzwa hufungua tundu dogo kwenye wayo. Sindano ya antibiotiki peke yake haisaidii usaha ukiwa umefungiwa. Baada ya hapo loweka kwato katika maji ya vuguvugu yenye chumvi dakika 15, mara mbili kwa siku, kausha, funga kwa kitambaa safi na kipande cha gunia juu. Uliza pia kinga ya pepopunda, kwani vijidudu vyake huingia kwa kidonda cha namna hii hii na punda wengi hawaponi.

Kama kwato ni nzima, panda juu. Uvimbe wa moto nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, mara nyingi ni kano iliyovutika. Hapa bahari ni dawa: msimamishe ndani ya maji dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku, kwa siku mbili za mwanzo. Kano hupona polepole, kwa miezi. Akirudishwa kwenye matofali kwa sababu tu ameacha kuchechemea, hukatika pale pale.

Kiungo kigumu kilichovimba bila joto, punda akiwa mzito asubuhi na kulainika akitembea, ni baridi yabisi ya utumikaji. Haiponi, lakini hupungua makali: kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, mzigo upunguzwe, apate siku za kupumzika.

Dawa ya maumivu, kama fenilbutazoni, ipimwe na daktari kwa uzito wa mnyama. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 2.2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa kuwa mwili wa punda huimaliza haraka kuliko wa farasi. Mwenye kilo 150 hupata miligramu 330 kila mara. Apewe maji ya kutosha, maana punda aliyekaukiwa huharibikiwa figo na tumbo. Na siku za dawa si siku za kazi: maumivu yakizimwa, hukanyagia jeraha kwa nguvu zote. Vidonge vya binadamu usimpe. Kuchoma kwa chuma cha moto nako kuachwe, huongeza kidonda tu.

Mambo mawili hayangoji kesho. Kidonda karibu na kiungo kinachotoa ute wa njano unaonata kimefika ndani ya kiungo, na kila saa inayopita huhatarisha mguu. Vilevile punda asiyekanyaga kabisa, mguu ukiwa umepinda: usimtembeze. Viringisha pamba nene, pasua bomba la plastiki kwa urefu, lifunge pande mbili, lipite kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, ndipo umwite daktari pale alipo. Mfupa wa juu ya goti ukivunjika, mara nyingi ushauri wa daktari ni kumuua bila mateso, na ushauri huo ufuatwe siku ile ile.