Kabla hujawa bi mdogo, omba ukione cheti cha bi mkubwa

Mimi ni mke wa pili, mwaka wa tisa huu, hapa Muheza. Mshenga alipoleta posa, mjomba wangu hakugusa habari ya mahari. Aliuliza: "Huyo bwana na mkewe walifungia wapi ndoa? Cheti kiko wapi?" Mama akaona haya, akamkonyeza anyamaze. Mjomba hakunyamaza. Siku ya tatu mshenga akarudi na kivuli cha cheti kilichokunjwa mara nne, na kwenye aina ya ndoa pameandikwa: mke mmoja.

Waislamu wote wawili, lakini walioana bomani kwa haraka, mume akiwa na uhamisho mkononi. Nikaah walisema watafanya baadaye. Hawakufanya.

Hapo ndipo wanawake wengi tunapoumia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana utaratibu wao), inatazama ndoa ilifungwaje. Ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kufikia huko. Ya bomani huchukuliwa kuwa ni ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mume wa ndoa ya mke mmoja akikuoa juu yake, ndoa yako ni batili, hata kama kata nzima ilikula pilau. Na kuisajili hakuiponyi.

Kwa hiyo ilibidi ndoa yao ibadilishwe kwanza. Sheikh hana uwezo huo, wala mwenyekiti wa kijiji. Mume na bi mkubwa wanakwenda pamoja mbele ya jaji, hakimu mkazi au hakimu wa wilaya. Kila mmoja anatamka kwamba anakubali kwa hiari yake, inaandikwa, wanatia saini palepale, hakimu naye anasaini, na nakala inapelekwa kwa Msajili Mkuu. Bi mkubwa akikataa, mambo yameishia hapo. Mimi nilibaki nje kwenye benchi, mikono inanitoka jasho. Alipotoka hakunisalimia. Alisema tu: "Nimeshasaini. Kaninunulie maji, koo limenikauka." Nikaenda mbio.

Kama ndoa ya kwanza ni ya Wakristo wawili na ilifungwa kanisani, usijisumbue na mahakama. Haibadiliki maadamu wote wawili wangali Wakristo, hata kama walipita bomani pia.

Njia ikishasafishwa, toeni taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla. Simamia mwenyewe inavyojazwa. Iseme wazi kwamba ndoa ni ya wake wengi, na jina la bi mkubwa liwepo. Kuna wanaume wakishika kalamu wanageuka makapera ghafla.

Siku hizo 21 ni za watu kusema. Mke aliyepo kwenye ndoa ya wake wengi anaweza kuweka pingamizi: kwamba kwa kipato cha mume, mke mwingine atamtia yeye na watoto kwenye dhiki, au kwamba anayeletwa ana tabia mbaya inayojulikana, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Usimchukie akilitumia. Kesho na wewe unaweza kulihitaji, maana wa tatu naye huja.

Siku ya ndoa, hakikisheni anayefungisha ana leseni ya serikali na amekuja na kitabu cha vyeti. Mashahidi wasipungue wawili, na wachague walio na umri wa kuishi. Mashahidi wa shangazi yangu wote walikuwa marehemu alipowahitaji. Kabla ya kusaini, weka kitambulisho chako cha taifa kando ya cheti usome herufi kwa herufi. Mimi ni Mwanahawa. Niliandikwa Mwanahamisi, na watu walikuwa wameshaanza vigelegele. Niliwasimamisha. Wifi yangu hajanisamehe mpaka leo, lakini cheti kiliandikwa upya.

Mliooana kimila bila msajili kuwepo, ombeni usajili ndani ya siku 30. Kutosajili peke yake hakuvunji ndoa, ila mzigo wa kuithibitisha utaubeba wewe, kwa picha za harusi na wazee waliopokea mahari, huku ndugu wa mume wakikuita nyumba ndogo msibani.

Ukishakipata cheti, toa vivuli vitatu. Kimoja kikae kwenu, kwa ndugu yako, si kwa mume.

Mwaka juzi nilipeleka changu kazini kwa mume wangu kwa ajili ya bima. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mwenza, na jina la bi mkubwa limeshaukaa. Karani akavitazama vyeti vyote viwili, akaniuliza, "Sasa mke halali ni yupi?" Nikamwambia kwa sheria wake wote wana hadhi sawa, wa kwanza hamzidi wa mwisho. Akanitazama, akatoa rula kwenye droo, akachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza.