Unatafuta kikundi cha kuacha pombe Uingereza? Usimpe mtu namba ya kadi

Naandika nikiwa nyumbani Isevya, Tabora, likizo yangu ya kwanza baada ya miaka sita Leicester. Juzi usiku binamu yangu aliyeko huko alinipigia akilia, anataka kuacha pombe. Namba aliyokuwa anajiandaa kuipigia ni ya aina ileile iliyonila pauni 1,500. Kwa hiyo naanza na hiyo.

Nilikuwa nahudumia wazee, zamu za usiku. Natoka kazini asubuhi, nakunywa kutoa loki, nalala, naamka nakunywa tena. Siku mikono ilipotetemeka nikiwa namlisha mzee wa watu, niliogopa. Nikaandika kwenye simu kwamba natafuta kikundi cha kuacha pombe kilicho karibu. Jibu la juu kabisa lilikuwa tangazo: simu ya bure, saa 24, siri. Hilo neno siri ndilo lililonikamata, maana sikutaka Watanzania wenzangu wa pale wajue, habari zikafika Isevya kabla sijamaliza wiki.

Akapokea mtu mpole sana. Akaniuliza nakunywa kiasi gani, naishi na nani, nina akiba kiasi gani. Nikadhani naongea na kikundi. Kumbe dalali. Kazi yake ni kuwafikishia wagonjwa vituo binafsi vya kulaza, naye hulipwa kamisheni. Ndani ya nusu saa alinishawishi nilipie kitanda siku hiyohiyo. Kesho yake nikataka kughairi, nikaonyeshwa kwenye mkataba kwamba amana hairudi.

Kikundi cha kweli hakikuulizi namba ya kadi. Hakikuulizi bima, akiba wala kazi yako. Alcoholics Anonymous, AA, ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935 na kufika Uingereza mwaka 1947, na haina ada ya uanachama. Kikapu huzungushwa, mwenye chochote anatoa, asiye nacho anakipitisha. Sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Jina la kwanza linatosha. Simu yao ni 0800 9177 650, na tovuti yao inaonyesha mikutano kwa mji na siku. Tena nasema: ukiulizwa kadi, kata simu.

Mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa. Mimi nimelelewa madrasa, mara ya kwanza nikaishia mlangoni. Ukumbi umekodiwa tu, ndugu yangu. Wanamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa, na hakuna anayekubatiza. Asiyetaka kabisa habari za dini aulizie kikundi kingine, SMART Recovery. Mke au mume wa mnywaji ana kikundi chake, Al-Anon.

Kingine ni huduma ya halmashauri ya pale unapoishi, bure, na nyingi unajipeleka mwenyewe. Au anzia kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa eneo lako. England kujiandikisha hakuhitaji barua ya mwenyekiti wa mtaa wala mtu yeyote.

Sasa nyinyi wa nyumbani. Mama zangu, wajomba, najua mnatupenda. Lakini msimwambie mtu anayekunywa kila siku kwamba aache leo, afunge siku tatu, aombewe. Arosto ya pombe inaua. Mwili uliozoea ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, ukaanza kuona vitu visivyokuwepo, hasa siku mbili tatu za mwanzo. Daktari ndiye anayepanga namna ya kushuka, mara nyingine kwa dawa. Hali ikifika hapo, ni 999, namba ya dharura ya Uingereza, si ujumbe wa sauti kwa shangazi. Dua iwepo, na daktari awepo. Na jamani, wanzuki ni pombe. Kuambiwa na mjomba kwamba "hiyo ni asali tu" kumenirudisha nyuma mara moja, sitaki imtokee binamu.

Nisiwafiche, Waingereza niliwahukumu vibaya. Nchi ambayo ukimaliza kazi unaalikwa baa, ukikataa unaonekana unaringa. Hapa Tabora nikilewa mtaa mzima unajua, na kuna mzee atakuja kunikalisha chini. Kule nilikunywa miaka minne pazia limefungwa, jirani hakugonga hata mara moja. Lakini kwenye ule ukumbi nilikaa kati ya dereva wa basi na mwanasheria, mtu akazungumza mpaka akamaliza bila kukatizwa, bila kupewa ushauri. Sisi tungekuwa tumeshamhubiria. Nilipofika zamu yangu nikashindwa kusema, wakanishukuru kwa kuja, wakanipa chai.

Binamu nimemwambia ajaribu vikundi vitatu au vinne tofauti kabla ya kusema havimfai. Kikundi changu cha kwanza sikukipenda.

Ukija likizo usikatishe. Mikutano mingi iko mtandaoni. Ya saa moja jioni ya Uingereza ni saa nne usiku Tabora wakati wao wa baridi, saa tatu wakati wa kiangazi chao. Jana nimehudhuria nikiwa uani kwa mama, chini ya mwembe, na binamu alikuwemo, kamera kaizima, lakini alikuwemo.