Boti ya alumini usiiburute ufukweni

Wadau wa Matema na Kyela, huku Ziwa Nyasa, wenye boti za alumini, jamani tuache kuziburuta, ule mchanga wenye vikokoto unakwangua mkuku (ule uti wa chini ya boti) kidogo kidogo kama msasa na kwa nyuma ndo inaliwa kwanza, pitisha kidole pale utasikia vichwa vya ribiti (vile vipini vinavyoshika mabati ya boti) vimeanza kulika vimekuwa bapa. Tanguliza magogo mawili matatu au matairi chakavu boti ipite juu yake, hata kama mko wengi wa kuvuta. Mchanga wa ndani nao toeni, ukikaa na unyevu chini ya mbao za kukanyagia unatoboa alumini. Na rangi yenye shaba msipake kabisa, shaba ikikutana na alumini majini inaitafuna, bora uiache bila rangi.