Kuazimisha mkanda wa filamu: kuutuma kutoka Arusha na kuurudisha salama

Mwongozo huu ni wa mwenye mikanda halisi ya filamu, milimita 16 au 35, anayeombwa kuiazimisha kwa ukumbi wa Moshi, Dar es Salaam au Zanzibar. Mimi nataka mikanda ionyeshwe, lakini kopi nyingi tulizonazo zikiharibika hazina mbadala.

Hatua ya 1: Fungua kopo, unuse. Harufu ya siki ni dalili kwamba mkanda wa asetati (aina ya plastiki) umeanza kuoza. Usiutume, na utenge na mingine. Mkanda wa milimita 35 uliotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 unaweza kuwa wa nitreti, plastiki ya zamani inayowaka kirahisi. Huo ukishika moto hata maji hayauzimi, hivyo haupandi basi kamwe.

Hatua ya 2: Kagua na uandike. Hapa usiwe na haraka. Vaa glavu za pamba, shika mkanda kingoni, uuzungushe polepole kutoka rili (gurudumu la kuviringishia mkanda) moja hadi nyingine. Andika matundu ya pembeni yaliyochanika, viungo vilivyolegea, mikwaruzo na vipande vilivyokosekana, kila rili na karatasi yake. Taja mahali kwa dakika: mkanda wa 35 hupita futi 90 kwa dakika, wa 16 futi 36. Piga picha kasoro kubwa. Bila karatasi hii, mkanda ukirudi umekwaruzwa mtabishana tu, maana kila upande utasema kasoro ilikuwepo.

Kama mkanda ni wa poliesta (plastiki ngumu zaidi), mwambie mwendesha projekta mapema. Haukatiki kirahisi, kwa hiyo ukikwama kinachovunjika ni mashine.

Hatua ya 3: Wekeaneni saini na ukumbi unaoazima. Karatasi itaje tarehe, idadi ya maonyesho, nani analipa usafiri na nani anafidia. Andika wazi kwamba hawaruhusiwi kukata mwanzo wala mwisho wa rili ili kuziunganisha. Kumiliki kopi si kumiliki haki ya kuionyesha, hivyo waombe barua ya mwenye filamu pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu. Waombe pia wapitishe kipande cha mkanda chakavu kwenye projekta yao. Kikitoka na michirizi, mkanda wako usiende.

Hatua ya 4: Funga. Kila rili iwe imekaza, mwisho wake umebandikwa, ndani ya kopo lake lenye jina na namba, mfano "2 kati ya 5". Makopo yaingie kwenye sanduku gumu, nafasi zijazwe sponji yasichezecheze. Filamu ya dakika 90 ya milimita 35 hufika kilo 20 na zaidi, kwa hiyo sanduku la karatasi halifai.

Hatua ya 5: Safirisha. Kwenda Moshi, kama kilomita 80, peleka mwenyewe. Kwenda Dar, tuma kwa basi Jumatatu au Jumanne, sanduku lisije likalala ofisini wikiendi. Omba buti la katikati, mbali na joto la injini, andikisha thamani yake halisi na udai stakabadhi. Mpigie mpokeaji umpe namba ya basi. Desemba usipange mkanda urudi kutoka Dar: watu wanapanda mabasi kwenda mkoani Kilimanjaro kula Krismasi, na buti hujaa mizigo hadi mlango haufungi.

Hatua ya 6: Mapokezi na marejesho. Arusha ni baridi, Dar ni joto na unyevu. Kopo likifunguliwa papo hapo, mkanda hupata umande. Liachwe limefungwa hadi kesho yake, kisha wakague kwa karatasi yako kabla ya kuonyesha, na tena baada ya kuonyesha.

Ukirudi, kagua upya siku hiyohiyo. Ukumbi ulioandika wenyewe kwamba mkanda ulikatika rili ya 3, waazimishe tena. Uliounga kwa selotepu ya dukani bila kusema, usiwaazimishe.