Kupanga Sebule Ndogo Tabora: Sanduku la Kukalia, Rafu na Meza ya Ukutani

Nyumba nyingi za kupanga katika mitaa ya Ng'ambo, Isevya na Kanyenye mjini Tabora zina sebule moja inayobeba kazi za vyumba vinne. Mchana ni mahali pa kupokea wageni, jioni ni chumba cha kulia na cha kufanyia kazi za shule, na usiku vijana wawili au watatu hutandika godoro humo baada ya taarifa ya habari. Ukiongeza magunia ya mahindi yaliyoletwa baada ya mavuno, pamoja na ndoo za asali za mjomba zinazosubiri mnunuzi, utaona kwamba wanaodhani fujo ya chumba hicho inatokana na uvivu hawajawahi kukipima.

Maelezo yanayofuata yanahusu vitu vichache ambavyo mtu asiye seremala anaweza kuvitengeneza kwa msumeno, nyundo, drili, bisibisi, futi kamba na pima maji. Vyote vinafuata sharti moja ambalo mkazi wa Tabora halihitaji kufafanuliwa sana: kitu cha mbao, karatasi au nguo kisigandamane na sakafu wala ukuta. Mchwa wa huku hawabishi hodi. Sanduku langu la kwanza nililiweka moja kwa moja sakafuni na kulipigilia ukutani, nikajisifu kwamba hapakuwa na hata upenyo wa kupitisha vumbi. Miezi minne baadaye, masika yakiwa yamekolea, nililifungua kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto nikakuta madaftari yameshikamana kama tofali. Nilipoinua la juu, jalada lilibaki mkononi, na ndani yake karatasi zilikuwa zimegeuka udongo mwekundu wenye unyevu. Kwa mbele mbao ilikuwa bado inang'aa vanishi. Kwa nyuma, ukutani, ulipanda mstari wa udongo mwembamba kama penseli, na huo ndio uliokuwa mlango wao.

Kupima kabla ya kununua

Pima urefu, upana na kimo cha chumba, kisha uandike pembeni mahali ilipo milango na upande inakofungukia, madirisha, swichi na soketi. Chora kwa chaki sakafuni umbo halisi la kila kitu unachokusudia kutengeneza, na uyaache maumbo hayo kwa siku mbili familia ikiendelea na shughuli zake. Umbo ambalo watoto wanalikanyaga kila wanapopita limewekwa pasipo pake. Njia ya kutoka mlango mmoja hadi mwingine isipungue sentimita 70, kwa sababu usiku hupitwa na mtu mwenye usingizi aliyebeba ndoo.

Katika hatua hii sina budi kusema jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina eneo la mita za mraba 11 hivi. Kochi la watu watatu, la watu wawili, mawili ya mtu mmoja na meza ya katikati huchukua karibu nusu ya eneo hilo, na saa nyingi za siku hakuna anayeyakalia. Kuuza hata yale makochi mawili madogo, pamoja na vitambaa vyake, kunaleta nafasi kubwa kuliko rafu yoyote nitakayoieleza hapa.

Kuhusu mbao, Tabora imezungukwa na misitu ya miombo, na mninga hupatikana kwa wauza mbao wengi. Sehemu ya ndani ya gogo la mninga, yenye rangi ya kahawia, huvumilia mchwa vizuri na haipindi ovyo ikishakauka. Sehemu ya nje, iliyopauka, haina sifa hiyo, kwa hiyo geuza kila mbao na ukatae ile ambayo nusu yake ni nyeupe. Mbao za paini ni nyepesi na kwa kawaida ni za bei nafuu, lakini zisizotiwa dawa ni chakula cha mchwa, kwa hiyo zitumie kwa rafu za juu tu. Wengi hupaka oili chafu kwenye mbao ili kuwafukuza wadudu. Kwa uzio sina ugomvi, ila ndani ya nyumba harufu yake huingia kwenye mashuka na haitoki. Unaporanda au kupiga msasa mninga, funga kitambaa puani na ufanyie kazi hiyo nje, kwani vumbi lake huwasha pua na kubana kifua.

Sanduku la kukalia

Hiki ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote, kwa kuwa kinachukua nafasi ya kochi na ya kabati kwa pamoja. Vipimo ninavyovipendekeza ni urefu wa sentimita 180, kina cha sentimita 45, na kimo cha kukalia cha sentimita 45. Kimo hicho kinagawanyika hivi: miguu 8, sanduku lenyewe 30, mfuniko 2, na godoro jembamba la kukalia 5. Ndani utapata ujazo wa karibu lita 200, yaani sawa na pipa zima la mafuta. Humo huingia mablanketi, mashuka ya akiba, neti, vitabu vya mwaka uliopita na viatu vya sikukuu.

Nunua mbao za inchi 1 kwa 6 na za 2 kwa 2, uombe zirandwe kwa mashine hapohapo, kisha upime upya, maana mbao ikisharandwa hupungua. Kata vipande sita vya 2 kwa 2 vyenye urefu wa sentimita 38, vinne kwa ajili ya pembe na viwili kwa ajili ya katikati, mbele na nyuma. Kwenye kila upande panga mbao mbili za inchi 6, moja juu ya nyingine, uzifunge kwenye vipande hivyo kwa skrubu za inchi 2 na gundi ya mbao, ukihakikisha kwamba chini kunabaki sentimita 8 za miguu. Toboa tundu jembamba kabla ya kuingiza kila skrubu, hasa karibu na ncha, la sivyo mbao itapasuka.

Kabla gundi haijakauka, pima mshazari kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, kisha mshazari wa pili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, sanduku limenyooka. Kwa ukubwa huu, kila kimoja kitakuwa karibu sentimita 185 na nusu. Visipolingana, sukuma pembe yenye kipimo kirefu hadi visawazike. Anayeruka hatua hii hugundua kosa siku ya kufunga mfuniko, na wakati huo halirekebishiki tena bila kubomoa.

Sakafu ya sanduku iwe ya vipande vilivyoachana kwa sentimita 1 ili hewa ipite. Kwenye ubao wa nyuma toboa matundu sita yenye upana wa sentimita 2, uyafunike kwa ndani kwa kipande cha wavu wa dirishani. Mfuniko ugawe mara mbili, kila nusu sentimita 90 na bawaba mbili, ili mtu aweze kuchukua blanketi upande mmoja bila kumwinua mgeni aliyeketi upande wa pili. Ongeza mnyororo mfupi wa kuzuia mfuniko usilale nyuma kupita kiasi, na vipande vidogo vya mpira kwenye kingo za mbele vinavyoacha upenyo, ili vidole vya mtoto visibanwe. Usiweke komeo linalojifunga lenyewe. Watoto wanaocheza kombolela wataingia humo, hilo halina shaka, na matundu ya nyuma pamoja na mfuniko mwepesi ndiyo yatakayowasaidia.

Sanduku likikamilika, liweke umbali wa sentimita 5 kutoka ukutani, na kila mguu ukae juu ya kipande cha kigae. Kigae hakiwazuii mchwa kupanda, bali huwalazimisha kujenga njia yao ya udongo mahali unapoiona. Mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa mvua, mulika tochi nyuma na chini. Ukiona mstari wa udongo, ubomoe na utafute unakotokea.

Rafu: ujue kwanza ukuta wako

Rafu ya juu ya mlango, inayozunguka ukuta mmoja au miwili kwa umbali wa sentimita 35 hivi chini ya dari, ni mahali pazuri pa masanduku ya nguo na sufuria za shughuli. Ila uzito wake unabebwa na ukuta, na kuta za Tabora hazifanani. Toboa tundu dogo mahali pasipoonekana. Vumbi likitoka jekundu, kavu, na drili ikipata ukinzani, hilo ni tofali la kuchoma. Drili ikizama kama katika mkate, hilo ni tofali bichi lililofunikwa kwa lipu.

Kwenye tofali la kuchoma tumia fisha (vile vipande vya plastiki vinavyoingizwa tunduni ili kushika skrubu) za milimita 8 na skrubu za inchi 2 na nusu, na tundu liingie katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha udongo kati ya tofali na tofali. Mikono ya kubebea rafu iwekwe kila baada ya sentimita 60. Usidharau uzito wa karatasi: mita 1 ya rafu iliyojaa vitabu hufikia kilo 25 kwa urahisi. Kamwe usitoboe juu, chini wala ubavuni mwa swichi au soketi kwa mstari ulionyooka, kwa sababu ndiko waya hupita.

Kwenye tofali bichi usijaribu fisha kabisa. Tengeneza fremu ya 2 kwa 2 mfano wa ngazi mbili zilizosimama, uunganishe rafu kati yake, na uzito wote ushuke sakafuni kupitia miguu inayokaa juu ya vigae. Juu uifunge kwa waya kwenye kenchi au mhimili wa dari ili isiangukie watoto wanaoipanda. Vitabu na vitu vizito vikae chini, vyepesi juu.

Meza ya kukunja

Ubao wa sentimita 90 kwa 50 unatosha watoto wawili kuandika. Funga ukutani mti wa 2 kwa 2 wenye urefu wa sentimita 90, uso wake wa juu ukiwa sentimita 70 kutoka sakafuni, na uunganishe ubao kwa bawaba tatu upande wa chini ili ushuke na kulala ukutani. Kinachoubeba ukiinuliwa ni mguu mmoja wa mbao, uliofungwa kwa bawaba chini ya ubao, unaokunjuka hadi sakafuni. Hivyo hata ukuta dhaifu hauelemewi sana. Meza ikishushwa hubaki unene wa mkono mmoja tu.

Magunia na godoro

Gunia la mahindi la kilo 100 halina mahali pengine pa kwenda katika nyumba nyingi, basi na litengewe kichaga: mbao zilizoachana juu ya miti mitatu ya 2 kwa 4 iliyosimamishwa kwa ubavu, inayoliinua gunia karibu sentimita 10. Liache shubiri moja kutoka ukutani ili hewa izunguke na panya wasipate kichochoro cha kujificha usichoweza kukifagia. Pazia la kitenge mbele yake linatosha kuliondoa machoni pa wageni.

Godoro la vijana liviringishwe kila asubuhi, lifungwe kwa mkanda na kusukumwa chini ya kitanda cha wazazi. Kitanda kikiwa kifupi, kinyanyue kwa vipande vinne vya mti vilivyochimbwa kishimo cha kukalia mguu, lakini kumbuka kwamba chandarua kilichonyooka vizuri jana leo kitalegea, kwa sababu godoro limesogea karibu na kinaponing'inia, na uvunguni penye giza ndipo mbu hupenda kutua mchana. Punguza kamba inayokining'iniza.

Ikiwa nyumba ni ya kupanga, mweleze mwenye nyumba kabla ya kutoboa, na mkubaliane mapema kwamba matundu utayaziba kwa lipu na rangi siku ya kuhama. Sanduku la kukalia litengenezwe nje, uani, katika miezi ya kiangazi mbao zikiwa zimekauka, na kabla ya kukata kipande cha kwanza pima upana wa mlango na wa korido. Sanduku hupita likiwa limelazwa ubavu na mifuniko yake imeng'olewa, ila korido yenye kona kali huhitaji urefu upunguzwe hadi sentimita 150, na ni afadhali kulijua hilo msumeno ukiwa bado umening'inia msumarini.